Mchanga una miaka 65,000, je shoka nalo? Kisa cha Madjedbebe

Tuanzie na shoka. Ni la jiwe, makali yake hayajagongwagongwa tu, yamesagwa kwenye jiwe lingine mpaka yakawa laini, na lilitengenezwa ili lifungwe kwenye mpini. Lilitoka chini kabisa ya uchimbaji, kwenye mchanga wa kama mita mbili na nusu kwenda chini, kaskazini mwa Australia. Sasa swali la kila mtu ni hilo hilo moja, lina umri gani? Na jibu ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuna aliyelipima. Jiwe la kawaida ambalo halikupitia moto halina saa ya kutwambia lini mtu alilisaga, miamba yenyewe inaweza kuwa na mamilioni ya miaka na hiyo haitusaidii kitu. Kilichopimwa ni mchanga uliolizunguka.

Hiyo ndo ishu nzima ya kisa hiki. Magazeti yaliandika "binadamu alifika Australia miaka 65,000 iliyopita", na ile namba ni ya mchanga. Kutoka kwenye mchanga mpaka kwenye shoka kuna daraja, na watu wamekuwa wakibishana juu ya hilo daraja tangu mwaka 1990. Mimi nimekifuatilia kisa hiki muda mrefu na nadhani ndo kisa kizuri kuliko vyote cha kujifunzia jinsi umri wa makazi ya kale unavyopatikana, kwa sababu kila hatua mtu amejaribu kuivunja.

Mahali penyewe panaitwa Madjedbebe, zamani kwenye vitabu paliitwa Malakunanja II. Pako Northern Territory, kwenye ukingo wa magharibi wa nyanda za juu za Arnhem Land, eneo limezungukwa na hifadhi ya taifa ya Kakadu. Ni ardhi ya watu wa Mirarr. Ukisikia "pango" usifikirie shimo lenye giza, hapa ni mwamba mrefu ulioegemea mbele juu kidogo, chini yake pamebaki kama baraza nyembamba yenye kivuli, ukuta umejaa michoro, na mbele yake ni uwanda wa mchanga. Mvua ikinyesha unasogea ukutani hulowi. Mtu yeyote anayetembea na familia anapaona tu anajua hapa tunalala.

Juu kabisa kuna lundo la makombe na udongo mweusi, hilo ni la miaka elfu chache ya mwisho, na chokaa ya yale makombe imetunza mifupa, pamoja na makaburi ya watu. Chini ya hapo ni mchanga tu, mchanga, mchanga, na mifupa hamna kwa sababu mchanga wa aina hiyo huila yote. Vilivyobaki ni mawe, rangi na mkaa. Yaani unakaribia kupoteza kila kitu kinachoweza kupimwa moja kwa moja, unabaki na mkaa na mchanga wenyewe.

Mkaa unapimwa kwa radiokaboni, na radiokaboni ina mwisho. Kaboni 14 inapungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo ukifika kama miaka 50,000 iliyobaki ni kidogo mno kiasi kwamba uchafu mdogo tu wa kaboni mpya, mzizi, maji yaliyopita, unafanya sampuli ya zamani sana ionekane ya juzi. Nasisitiza hapa maana watu wengi wakiona umri wa miaka 45,000 wa radiokaboni wanauchukua kama umepimwa kwa rula. Karibu na ule mwisho, namba mara nyingi inamaanisha "angalau hivi". Kwa Australia hilo lilikuwa tatizo kubwa, miaka mingi ilikuwa kama kuna ukuta kwenye miaka 40,000 na hakuna aliyejua kama ule ukuta ni wa historia ya watu au ni wa kipimo chenyewe.

Ndo wakaingia watafiti watatu, Bert Roberts, Rhys Jones na Mike Smith. Mwaka 1989 walichimba Madjedbebe (palishawahi kufanyiwa uchimbaji mdogo wa majaribio mwaka 1973) wakaamua waachane na mkaa kwa yale matabaka ya chini, wapime mchanga kwa njia ya mwangaza. Mwaka 1990 wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba zana za chini kabisa ziko kwenye mchanga wa kati ya miaka 50,000 na 60,000. Kelele zilikuwa kubwa. Na kiukweli wapinzani walikuwa na haki ya kuuliza, shimo lilikuwa dogo, vipimo vilikuwa vichache, na maelezo kamili ya zana zenyewe yalichelewa kutoka mpaka mwaka 2015. Miaka 25! Mi naona hilo lilikuwa kosa lililogharimu sana, maana umri bila zana kuelezwa ni kama risiti bila mzigo, huwezi kumlaumu mtu akikataa kulipa.

Sasa nielezee kipimo chenyewe maana bila hicho mabishano hayaeleweki. Chembe ya kwatsi (yale madini magumu ya mchanga, kwa Kiingereza quartz) kwenye mchanga inaishi katikati ya mionzi midogo sana inayotoka kwenye udongo wenyewe, kutoka kwa urani, thori na potasiamu, na kidogo kutoka angani. Hiyo mionzi inasukuma elektroni ndani ya chembe, na baadhi zinanasa kwenye kasoro ndogo za fuwele. Zikishanasa zinakaa. Zinaendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka, ilimradi chembe iko gizani. Chembe ikitoka ikaona jua, muda mfupi tu, elektroni zinaachiwa na saa inarudi sifuri. Halafu upepo unaileta chembe pale chini ya mwamba, nyingine zinaifunika, giza, na saa inaanza upya. Kwa hiyo tunachopima ni lini chembe iliona jua mara ya mwisho.

Ndo maana sampuli haichukuliwi hivihivi. Unapigilia bomba kwenye ukuta wa shimo, unaliziba pande zote mbili kabla mwanga haujaingia, unalifunga, na halifunguliwi mpaka liko kwenye chumba cha giza chenye taa hafifu nyekundu. Pale mchanga unasafishwa kwa asidi mpaka inabaki kwatsi, inachekechwa mpaka zinabaki chembe za kama sehemu mbili za kumi za milimita, halafu zinamwagwa kwenye kisahani cha chuma kidogo kama kifungo cha shati, chenye vishimo 100, safu 10 kwa 10, kila kishimo kinakaa chembe moja tu. Leza ya kijani inapiga kishimo kimoja, chembe inatoa mwanga hafifu mno ambao jicho haliwezi kuuona, mashine inauhesabu, inahamia kishimo kinachofuata. Chembe nyingi hazitoi mwanga wowote wa maana na zinatupwa. Zinazofaa unazipa mionzi ya kiasi unachokijua maabarani ili ujue mwanga ule ni sawa na dozi gani.

Baada ya hapo hesabu ni rahisi. Chukua mfano, chembe imekusanya dozi ya grei 65 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) na mahali ilipokaa inapokea grei 1 kila miaka 1,000, basi imekaa gizani miaka 65,000. Ugumu uko kwenye ile grei 1. Maji kwenye udongo yanakula sehemu ya mionzi, kwa hiyo lazima ukadirie mchanga ulikuwa na unyevu kiasi gani kwa makumi elfu ya miaka, misimu ya mvua na ukame yote. Ukikosea unyevu umekosea umri. Hapo ndipo namba inapobeba mkia wake wa kuongeza na kupunguza, na huo mkia sio udhaifu wa mtu, ni sehemu ya jibu.

Tukarudi Madjedbebe. Mwaka 2012 na 2015 timu ya Chris Clarkson wa Chuo Kikuu cha Queensland ilichimba upya, safari hii kwa upana, kama mita za mraba 20, kila zana inayoonekana inawekewa alama ya mahali pake halisi kabla ya kutolewa, udongo wote unachekechwa, sehemu nyingine unaoshwa kwa maji ili mbegu na mkaa vielee juu. Upande wa kipimo alikuwa Zenobia Jacobs wa Chuo Kikuu cha Wollongong, sampuli zaidi ya 50, na jumla ya chembe 28,500 zilizopimwa moja moja. Na maabara nyingine ya Chuo Kikuu cha Adelaide ikapima kivyake bila kuonyeshwa majibu ya wenzao, yakalingana. Mwezi wa saba 2017 ikatoka kwenye Nature: watu walianza kukaa pale karibu miaka 65,000 iliyopita, na ukichukua mkia wote wa chini, haishuki chini ya miaka 59,300.

Ile 59,300 mimi naipenda kuliko 65,000. Magazeti yaliiacha kabisa, lakini ndiyo namba ambayo mpimaji anakwambia hata nikiwa nimekosea kwa upande wa kupunguza, sishuki hapa.

Kwa nini chembe moja moja? Kwa sababu ukipima chembe mia kwa pamoja unapata wastani, na wastani unaficha. Kama mchwa au mizizi ilichanganya mchanga wa miaka 20,000 na wa miaka 80,000, kipimo cha jumla kitakupa 50,000 safi kabisa na hakuna kitu chochote pale chenye miaka 50,000. Ukipima moja moja unaona mtawanyiko. Pale chini chembe zilikuwa zimekusanyika vizuri, na kadiri unavyoshuka umri unaongezeka kwa mpangilio. Mkaa wa mekoni kwenye matabaka ya juu nao ukalingana na mchanga wa pale. Kwa upande wa mchanga mimi nimeridhika, na hata wengi wa wapinzani hawabishi sana hapo.

Wanabisha kwenye daraja. James O'Connell na Jim Allen na wenzao mwaka 2018 walisema hivi, sehemu nyingine zote za Australia na New Guinea ambazo zinaaminika hazivuki miaka 50,000 kwa uhakika, halafu Madjedbebe peke yake inaruka elfu kumi na zaidi, kwa hiyo kabla ya kubadilisha historia nzima angalieni kama zana hazikushuka. Mwaka 2021 Martin Williams, akiwa na O'Connell na wengine, akaleta hoja ya mchwa, na hii nataka niikalie kidogo maana watu wanaidharau bila kuielewa.

Mtu aliyewahi kuona kichuguu anajua mchwa wanapandisha udongo kutoka chini kuja juu. Lakini wanapandisha chembe ndogo tu, jiwe hawaliwezi. Sasa fikiria wanafanya hivyo miaka elfu na elfu, udongo laini unatoka chini ya jiwe unaenda juu, jiwe linashuka taratibu, taratibu, mpaka linafika pale ambapo mchwa hawachimbi tena, linatulia. Mawe yote yanaishia kwenye kina kimoja, yanatengeneza mstari. Na hapo ndo penye uzito wa hoja: mchanga wa pale chini ambao mchwa hawakuugusa unabaki na umri wake wa zamani, chembe zote safi, zimepangana, hazina mtawanyiko, huku jiwe lililo katikati yake ni mgeni aliyetoka juu. Zile chembe zilizopandishwa nazo zimeona jua upya kwa hiyo huko juu nako saa zimeanza upya vizuri. Yaani chembe 28,500 zote zinaweza kusema kweli na bado shoka likawa la miaka 45,000.

Nilipoielewa hii mara ya kwanza ilinisumbua sana, maana nilikuwa najibu kila mtu kwamba kipimo cha chembe moja moja kimeshamaliza ubishi. Hakijamaliza. Kinajibu swali la mchanga kuchanganyika na kuliacha la jiwe kuzama.

Kwa hiyo ushahidi wa jiwe kutozama lazima utoke kwenye mawe yenyewe, na hapa timu ya Clarkson wana vitu. Kwanza zana hazikukaa mstari mmoja, ziko kwenye mikanda mitatu minene, katikati yake kuna mchanga wenye zana chache. Mchwa angeshusha vyote mpaka chini, sioni angewezaje kuacha mikanda mitatu iliyotengana, na kila mkanda na aina zake za mawe na mtindo wake wa kuyabanja. Pili vibanzi, wakitafuta vibanzi vilivyovunjika kutoka jiwe moja na kuviunganisha tena kama vigae vya chungu, vinavyoungana vilitoka karibu karibu kwa kina, havikutawanyika juu mpaka chini. Tatu rangi. Kwenye mkanda wa chini kuna ngeu iliyosagwa, kuna vipande vya ulanga unaong'aa, ambao mtu aliuleta pale kwa makusudi, kuna mawe ya kusagia. Na yale mashoka ya kusagwa, yalikuwa karibu na ukuta wa nyuma.

Mashoka ndo yananivuta mimi zaidi. Hakuna mahali pengine duniani penye mashoka ya kusagwa makali ya umri huo, yanayofuata ni ya zaidi ya miaka elfu kumi baadaye. Mpinzani atasema ona, hilo lenyewe linaonyesha kuna kosa. Anayekubali atasema watu waliovuka bahari kwa vyombo, tena kuelekea nchi ambayo kwa sehemu ya safari haionekani, sio watu wa kushangaa wakiwa na shoka zuri. Hoja zote mbili hazipimi kitu, ni mazoea ya mtu tu kuhusu nini kinawezekana, na naona bora tuziweke pembeni.

Kuna watafiti wengine walioangalia mkaa wa mimea, Anna Florin na wenzake, mwaka 2020, na May Nango na Djaykuk Djandjomerr, wazee wenyeji wa pale, wakiwa waandishi wenza. Kwenye tabaka la chini walikuta mabaki ya matunda, viazi vya porini, mitende, na kokwa za mkadi. Kokwa ya mkadi ni ngumu vibaya sana, kuipata mbegu ndani inabidi uipasue kwa jiwe zito, kwa ustadi, maana ukipiga vibaya unaiponda mbegu. Wenyeji wanajua kazi hiyo mpaka leo, ndo wao waliowaonyesha watafiti nini wanakitazama kwenye hadubini. Mimi hii inanigusa kuliko umri wenyewe, kipande cheusi cha kokwa kidogo kama ukucha, na mzee anasema hiki kimepasuliwa hivi. Ila nayo kwa ubishi wetu inarudi palepale, mkaa ni mwepesi na unaweza kusogea.

Halafu ikaja jenetiki na kukaza kamba upande wa pili. Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, kama watu wote wa nje ya Afrika, wana kipande kidogo cha DNA ya Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka, na tafiti za 2024 zimeweka ule mchanganyiko kati ya miaka 50,500 na 43,500 hivi iliyopita. Ukikubali hiyo, mababu wa Waaborijini wa leo hawakuwa Australia miaka 65,000 iliyopita, labda namba ya jenetiki irekebishwe. Wengine wanasema hiyo imefunga kesi. Mi sioni hivyo. Jenetiki inaongelea mababu wa watu walio hai, mwamba unaongelea nani aliwasha moto pale kwanza, na hayo ni maswali mawili. Ila pia siwezi kuipuuza, maana ukisema walikuwepo watu wengine kabla, inabidi ueleze wale walienda wapi na mbona zana hazionyeshi mkatiko mkubwa. Hapo timu ya Clarkson ina deni, na nitafurahi siku wakilijibu kwa data.

Kitu kingine ambacho kinaachwa nje ya ubishi wa namba na hakitakiwi kuachwa. Uchimbaji huu ulifanyika kwa mkataba na shirika la Mirarr, Gundjeihmi Aboriginal Corporation, uliowapa wenye ardhi mamlaka ya kusimamisha kazi wakati wowote, na usemi juu ya vitu vyenyewe na kinachochapishwa. Pale juu kuna makaburi. Huwezi kufika kwenye mchanga wa chini bila kupita kwa waliolala juu, na hao wana watu wao, wako hapo, wana majina ya ukoo. Nimeona sehemu nyingine watu wakilalamika kwamba mikataba ya hivi inachelewesha sayansi. Madjedbebe imetoa mojawapo ya matabaka yaliyopimwa kwa umakini kuliko mengine yoyote bara lile, chini ya mkataba huo huo, na bila wenyeji ile habari ya mkadi isingeeleweka nusu yake.

Mtu akiniuliza leo niandike nini kwenye jedwali la wanafunzi, naandika mistari miwili. Wa kwanza, mchanga wa mkanda wa chini ulianza kufunikwa karibu miaka 65,000 iliyopita, angalau 59,300, na huo nauandika kwa wino. Wa pili, zana kuwa za umri huo huo, naandika inaelekea ndivyo, kwa sababu ya mikanda mitatu na vibanzi vinavyoungana, ila naacha nafasi pembeni. Kitakachonifanya nijaze ile nafasi ni mwamba wa pili, mbali na Madjedbebe, wenye udongo ambao mchwa hawaufikii, wenye meko yaliyojengwa, yaani mawe yaliyoungua moto palepale yalipo. Jiwe lililochomwa lina saa yake lenyewe, moto unairudisha sifuri kama jua linavyofanya kwa mchanga, na ukilipima hilo huhitaji tena daraja.